Kumwongoza mgeni anayevua kwa chambo cha manyoya, mlango wa Mto Pangani

Wageni wengi wanaofika Pangani na fimbo za kurushia chambo cha manyoya wamejifunzia kwenye mito ya samoni, Uskoti, Norwei au Alaska. Huko mto unashuka upande mmoja saa zote. Samoni anatoka baharini kupanda mto akatage, na akishaingia maji baridi kwa kawaida hali tena. Kwa hiyo mvuvi wa huko anarusha kukata mto, anauacha mkondo uzungushe chambo taratibu, anashuka hatua moja, anarusha tena, na anaweza kufanya hivyo kutwa nzima bila kuguswa.

Pangani maji yanageuka mara nne kwa siku, na kolekole anayeingia na maji anakuja kuwinda. Mgeni hodari wa kurusha atarudi mikono mitupu kama kiongozi wake hakujua maji. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na maji. Kazi ya kiongozi ni mambo mawili: saa ya kuwa mahali, na namna chombo kinavyokaa mahali hapo. Kurusha ni kazi ya mgeni.

Kwanza ruhusa

Mgeni anayevua kwa burudani anatakiwa awe na leseni. Mpeleke ofisi ya uvuvi ya wilaya kabla ya siku ya safari, maana asubuhi ya safari maji hayamsubiri mtu. Kisiwa cha Maziwe ni hifadhi ya bahari tangu 1975 na humo hakuna kuvua, hata kwa samaki wa kurudishwa majini. Ukipanda kaskazini kuelekea Kigombe na Tanga unaingia eneo la Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, lililotangazwa mwaka 2009, lenye taratibu na ada zake. Pita pia kwa viongozi wa BMU, kikundi cha kusimamia uvuvi na fukwe, cha kijiji utakakovua. Wao ndio wanaojua nyavu zimetegwa wapi wiki hiyo.

Kupanga siku kwa maji

Pata jedwali la maji la bandari ya Tanga. Kwa Pangani mjini linatosha. Kisha ujue kanuni ambayo wazee wa pwani hii wanaitumia bila karatasi: siku za bamvua, yaani za maji makubwa, maji hujaa kwenye saa 10, alfajiri na alasiri, na kupwa kwenye saa 4. Siku za maji mafu, yaani maji madogo ya mwezi nusu, ni kinyume, yanajaa kwenye saa 4 na kupwa kwenye saa 10. Kila siku saa inasogea mbele kwa dakika 50 hivi.

Bamvua kubwa, siku moja mbili baada ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Wengi hudhani maji makubwa ndiyo samaki wengi. Kwa jarife huenda ikawa hivyo. Kwa chambo cha manyoya ni siku ngumu: mkondo unavuta kwa nguvu, tope linapanda, na majani ya mikoko yanaelea kila mahali. Jani moja likinasa kwenye ndoana, samaki hataigusa, na mgeni atatumia nusu ya asubuhi akisafisha chambo.

Siku tunazozipendelea ni zile zinazoanza kwenye maji mafu hadi siku mbili hivi baadaye. Maji yanasogea bila fujo, yana uwazi wa kutosha, na la muhimu zaidi ni kwamba yanajaa asubuhi. Ukiondoka saa 12 alfajiri unayakuta yanapanda, bahari imelala, upepo wa nchi kavu ni mwepesi. Yakifika juu kati ya saa 4 na saa 6 umeshavua saa nne nzuri, na bado una saa mbili za kwanza za maji kutoka kabla upepo wa bahari haujachachamaa.

Jedwali linakupa saa ya mlangoni tu. Ukipanda mto kilomita kadhaa, mkondo unachelewa kugeuka. Maji yanaweza kuwa yameanza kujaa mlangoni huku juu bado yanatoka. Usiangalie saa ya mkononi, angalia povu na vijiti vinavyoelea kando ya mikoko. Vikisimama, una dakika chache za kuhama kwenda mahali pengine, kwa sababu maji yakisimama kolekole naye husimama kula.

Kwa misimu, miezi ya kaskazi, Novemba hadi Machi, ndiyo mizuri. Kusi ya Juni hadi Agosti inavulika asubuhi ndani ya mto, lakini mlangoni mawimbi huvunja kwenye fungu la mchanga na chombo kidogo hakina kazi pale. Masika mto unashuka ukiwa wa kahawia. Siku hizo usipande juu: kaa mlangoni maji yakijaa, utafute mstari ambapo maji ya mto yanakutana na ya bahari. Unaonekana kwa macho, upande mmoja rangi ya chai ya maziwa na mwingine kijani. Samaki hukaa upande wa kijani, karibu kabisa na mstari.

Chombo

Ngalawa ni chombo kizuri cha mshipi wa mkono, lakini haifai kwa kazi hii. Mlingoti, kamba zake na matengo ya pembeni yote yananasa mshipi unaporuka nyuma. Tumia boti ya faiba ya mita 5 au 6 isiyo na kivuli juu, mashine ya farasi 15 inatosha. Mgeni mmoja anarusha mbele, mwingine anakaa katikati akisubiri zamu. Wakirusha wote wawili kwa pamoja, mmoja wao atarudi na ndoana sikioni.

Sehemu ya mbele iwe tupu kama sinia. Kila kamba, kila bawaba, kila kichwa cha msumari kitanasa mshipi, na utanasa sekunde ileile samaki anapokimbia. Funika visivyoondoka kwa kipande cha wavu wa macho madogo au kanga iliyoloweshwa. Mgeni asimame peku: mshipi ukiwa chini ya unyayo anausikia, chini ya kiatu hausikii.

Zima mashine mita 80 kabla ya mahali unapotaka kuvua. Kutoka hapo ni pondo. Mwanzi mkavu wa mita 4 au 5 unafaa. Usikate mkoko kwa ajili ya pondo, ni mti unaolindwa. Chini kwenye tope funga kipande cha mbao chenye umbo la V ili pondo lisizame, na usilipige chini wala kugonga ubavu wa boti. Sauti hiyo inasafiri majini mbali kuliko sauti za watu.

Sasa upepo. Kama mgeni anarusha kwa mkono wa kulia, upepo umpige bega la kushoto. Ukimpiga la kulia, mshipi unasukumwa mwilini mwake na ndoana inapita usawa wa shingo. Ikibidi uvue ukingo ambao upepo uko upande mbaya, geuza boti aangalie kinyume na arushe kwa nyuma, yaani ule mtupo wa kurudi ndio uupeleke kwa samaki. Upepo wa usoni nao usimfanye atumie nguvu. Mrushaji akiongeza nguvu kitanzi cha mshipi kinapanuka na upepo unakirudisha. Mwambie apunguze umbali, na wewe sogeza boti. Mita 15 zilizonyooka zinavua kuliko mita 25 zilizojikunja.

Vifaa kwa ufupi

Fimbo namba 8 au 9, futi 9. Fimbo ndefu za mikono miwili za samoni, futi 13 na kuendelea, ziache hotelini. Kwenye boti ni mzigo. Mshipi unaoelea kwa mikokoni, na mwingine unaozama polepole kwa mlangoni. Rili yenye breki na mshipi wa akiba mita 200. Nailoni ya mbele mita 2.5, kipande cha mwisho kisipungue nguvu ya kilo 9. Mzia wakiwepo, na ukiona nailoni imekatwa safi kama kwa wembe basi wapo, funga waya laini wa sentimita 15 kabla ya chambo. Usiuweke waya siku nzima. Kolekole wa maji maangavu anauona.

Kufunga chambo kwa vitu vya hapahapa

Vyambo vya samoni, vile vya rangi nyingi vilivyofungwa kwenye ndoana nyepesi, havisaidii hapa. Samaki wa Pangani wanakula simu, dagaa na mkizi wachanga. Chambo kiwe cheupe tumboni, kijani au kahawia mgongoni, urefu wa sentimita 7 hadi 10, chenye macho mazito ya kukizamisha. Vifaa vyake vingi unavyo nyumbani.

Chukua ndoana ya 1/0 isiyoshika kutu. Kabla ya kitu kingine, bana kijino chake, kile kilicho karibu na ncha, kwa koleo mpaka kilale. Ibane ndoana kwenye jiliwa au koleo la kujifunga, zungushia uzi wa nailoni kuanzia nyuma kidogo ya tundu hadi mwanzo wa mpindo, kisha rudi mbele. Theluthi moja kutoka tundu, funga macho: chubwi mbili ndogo zilizounganishwa kwa waya, zikae upande wa juu wa mti wa ndoana, uzi uzipite kwa msalaba mara kumi na mbili hivi, na tone la gundi ya haraka. Macho yakikaa juu hivyo, chambo kikiwa majini kinageuka, ncha inaangalia juu, nacho hakinasi mizizini ovyo.

Sasa nywele. Mkia wa mbuzi mweupe, ulioshwa kwa sabuni na kukaushwa kivulini, una nywele ndefu zenye uhai majini. Kata fungu la unene wa njiti mbili za kiberiti, si zaidi. Chana uondoe manyoya laini ya shinani. Lifunge mbele ya macho, lilaze juu yao na ulishike tena nyuma yake. Geuza ndoana. Upande wa pili weka nyuzi sita hadi nane za kung'aa. Zile za utepe wa mapambo zinatosha zikichanwa nyembamba. Juu yake funga fungu jingine la nywele, la kahawia au lililotiwa rangi ya kijani. Malizia kichwa kwa uzi, fundo, gundi. Ukitaka chambo kirefu cha mzia, ongeza nyuma manyoya manne ya shingo ya jogoo, mawili kila upande, matumbo yao yakiangaliana ndani ili yasifungue kama mkasi.

Kosa la kila anayeanza ni kujaza nywele. Chambo kilichonona hakizami, kinazunguka kikivutwa na kuusokota mshipi wote. Kiloweshe kwenye ndoo: kikilowa lazima uone mwanga kati ya nywele. Kama huuoni, punguza.

Tengeneza si chini ya kumi na mbili kwa mgeni mmoja kwa siku. Mikoko itachukua vinne, mzia viwili. Kwa masika fanya vichache vyeusi kabisa. Kwenye maji ya tope samaki anaona kivuli, haoni rangi.

Kwenye maji

Maji yakianza kujaa anzia kwenye mafungu ya mchanga ya mlangoni, mbali na njia ya pantoni ya Bweni. Kaa kwenye ukingo wa kina, pale rangi inapobadilika, urushe kuelekea maji mafupi na kuvuta kurudi kwenye kina. Kadiri maji yanavyopanda nawe ingia nayo, kwenye midomo ya vijito vya mikokoni. Saa ya mwisho ya kujaa ingia vijitoni kabisa, kwenye mizizi, wanakokaa wale wekundu wa jamii ya kungu. Maji yakigeuka toka upesi, simama nje ya mdomo wa kijito. Vidagaa vyote vilivyoingia vinatoka hapo, na kolekole anajua.

Dalili za kutafuta: mkizi wanaoruka kwa kundi, hasa wakielekea ukingoni, membe wanaopiga mbizi mahali pamoja, maji yanayotetemeka bila upepo. Mkizi mmoja mmoja wanaoruka kwa starehe si dalili ya kitu.

Mkubaliane na mgeni namna ya kuelekezana kabla hamjaondoka. Wageni wanatumia uso wa saa: mbele ya boti ni 12, kulia ni 3, kushoto ni 9. Hapa viongozi wetu wengi huteleza, kwa sababu akilini tunasoma saa yetu. Taja namba iliyochorwa kwenye saa, kisha umbali kwa mita, kisha upande samaki anakoelekea: "10, mita 15, anakwenda kushoto." Mwambie anyooshe fimbo kwanza. Ukiona inaelekea sawa, sema arushe. Chambo kitue mita 2 mbele ya samaki. Kikitua kichwani atakimbia na wenzake wote.

Kuvuta ndiko mgeni wa samoni anakopata shida. Amezoea kuuacha mkondo ufanye kazi. Hapa mshipi unavutwa kwa mkono wa pili, sentimita 30 hadi 40 kwa mvuto, haraka, bila kupumzika. Dagaa anayekimbizwa hasimami. Kolekole akifuata na kusita, ongeza mwendo, usipunguze. Kwa wale wa mizizini ni kinyume: acha kizame, vuta mara mbili fupi, tulia, vuta tena.

Halafu kunasa. Mvuvi wa mto akisikia mguso huinua fimbo juu. Kwa samaki mwenye mdomo mgumu kama kolekole, fimbo inajikunja tu na ndoana inateleza. Fimbo ibaki imeelekea majini, mkono wa mshipi uvute kwa nguvu moja ndefu hadi uzito uhisike, ndipo fimbo iinuke. Maneno hayamtoshi mgeni. Kabla ya kuanza, shika nailoni yake kwa mkono wako umbali wa mita 10, uivute kama samaki, na umfanyishe mara kumi. Dakika tano hizo zinaokoa samaki wengi kuliko somo lolote la kurusha.

Samaki akishanaswa karibu na mikoko, sukuma boti nje kwa pondo papo hapo, usisubiri. Wekundu wa mizizini wanahitaji mita moja tu kurudi ndani. Kolekole akikimbilia wazi mwache achukue mshipi, mkono wa mgeni uwe mbali na kishikio cha rili kisije kumpiga vidole.

Samaki mkononi

Lowesha mikono kabla ya kumgusa; mkono mkavu unamtoa ute unaomlinda. Mshike shina la mkia na chini ya tumbo, usimning'inize kwa taya. Picha ipigwe akiwa juu ya maji kwa sekunde kumi, mgeni awe tayari na kamera iwe tayari kabla hajatolewa. Mrudishe akielekea mkondo, mshike mpaka apige mkia mwenyewe. Aliyetoka damu matamvuani hataishi. Huyo ni kitoweo, mchukue.

Hongwe ana miiba mitatu yenye sumu, mgongoni na kwenye mapezi ya pembeni. Mtoe ndoana kwa koleo bila kumshika. Bunju asiliwe. Mzia haingizwi kidole mdomoni hata akionekana amekufa.

Usalama na majirani

Ndani ya mto hakuna kushuka majini: mamba wapo. Kwenye mchanga wa mlangoni, kama mgeni atashuka, afunge viatu na aburure miguu bila kuinyanyua, taa aliyejifukia apate kusikia na kuondoka. Akichomwa, safisha jeraha, tumbukiza mguu kwenye maji ya moto anayoyavumilia, nyuzi 45 hivi, kuanzia nusu saa mpaka saa moja na nusu, kisha hospitali. Chukua chupa ya chai yenye maji ya moto kila safari. Yapime kwa mkono wako kwanza. Aliye kwenye maumivu hayo hatambui anaungua.

Miwani kwa kila mtu botini, nawe ukiwemo. Ndoana ikimwingia mtu mwilini na kijino umeshakibana, inatoka kwa kuirudisha njia iliyoingilia. Ikiwa jichoni au karibu na jicho usiiguse. Kata nailoni, funika, peleka hospitali.

Ukikuta nyavu au uzio wa kutegea, zungukia upande wa nje hata kama samaki wanaonekana ndani. Punguza mwendo, salimia kwanza: "Shikamooni wazee, za maji?" Waliokuwa majini tangu usiku watakuambia kama kolekole wameingia, na wameingia upande gani. Mgeni akikubali kuacha samaki mmoja wa kitoweo, mpe mzee wa chombo kile mwenyewe, mkononi.

Mkirudi, fimbo, rili na vyambo vyote vioshwe kwa maji baridi siku hiyohiyo. Vyambo vitandazwe vikauke wazi usiku kucha. Vikifungiwa kwenye kisanduku vikiwa na chumvi, asubuhi macho ya chubwi yatakuwa yameota ukungu mweupe na uzi utakuwa umelegea.